Anapokuandama Mtu Usiyemtaka

Mwanamume kukutaka nawe ukakataa ni jambo linalopita. Kuandamwa ni jambo lingine. Hapo umekwisha kusema hapana, naye haachi.

Hapa Mikumi, ambapo malori yaendayo Zambia na Kongo husimama na akina mama wengi wanauza chakula kando ya barabara, namba ya simu si siri. Mteja akilipa kwa simu, tayari anayo. Kesho anapiga kuuliza kama wali upo. Halafu anapiga usiku. Mara anajua mwanao anasoma shule gani, anatuma pesa ambazo hukuomba, anakungoja mlangoni pa kanisa. Kila kimoja peke yake huonekana kidogo, ndiyo maana wengi hunyamaza.

Wengine hunyamaza kwa kumwogopa mume: atasema nilimchekea. Hofu hiyo si ya bure, waume wengine ndivyo walivyo. Lakini ukificha, yule anayekuandama atakutisha kwa siri hiyo hiyo. Mwambie mumeo mapema, na ukiona atawaka, mwambie mbele ya mama mkwe au mzee anayemheshimu.

Jambo hili huua. Jumapili tarehe 1 Septemba 2024, huko Endebess, Kenya, mwanariadha wa Uganda Rebecca Cheptegei alirejea kutoka kanisani na watoto wake. Aliyekuwa mpenzi wake alimmwagia petroli na kumchoma moto. Alifariki siku nne baadaye. Baba yake alisema walikuwa wamekwisha kumlalamikia mtu huyo polisi. Basi usiende mara moja ukakata tamaa. Rudi, tena usirudi peke yako.

Mwambie mtu huyo mara moja tu, kwa ujumbe mfupi, kwamba hutaki. Kisha usijibu tena, hata kwa matusi. Usifute ujumbe wake. Andika daftarini siku, saa na aliyeshuhudia. Laini za simu zinasajiliwa kwa alama za vidole, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumtisha au kumsumbua mtu kwa njia hiyo. Ukifika polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, wala usiondoke bila namba ya RB.

Na zile pesa alizokutumia usizile. Zirudishe kwa simu hiyo hiyo, ili ushahidi ubaki.