Vidakuzi na Wajibu wa Mtunga Programu

Itifaki ya HTTP, ambayo kwayo kompyuta huombana na kupeana habari katika intaneti, haina kumbukumbu. Kila ombi linaloifikia seva huhesabiwa kuwa la kwanza, hata kama mwombaji ni yuleyule wa sekunde iliyopita. Ili kuondoa tatizo hilo, mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape ya Marekani, alibuni kidakuzi.

Kidakuzi ni maandishi mafupi yenye jina na thamani. Tuchukulie mfano wa kipande cha namba anachopewa mtu aliyeweka mzigo wake stoo: mtunza stoo hahitaji kuikumbuka sura ya mtu, bali hukitazama kipande. Vivyo hivyo, programu ikishatoa jina na neno la siri, seva huijibu kwa ujumbe wenye mstari wa "Set-Cookie: kikao=A7". Katika kila ombi lifuatalo, programu hurudisha mstari wa "Cookie: kikao=A7", nayo seva hutambua inazungumza na nani.

Kivinjari hufanya kazi hii bila mtumiaji kujua. Lakini mtu atungapo programu yake mwenyewe ya kutuma maombi, wajibu huo huwa juu yake. Kwanza, programu haina budi kukihifadhi kidakuzi, hata kinapokuja ndani ya jibu linaloielekeza kwenye anwani nyingine. Isipofanya hivyo itatakiwa kujitambulisha upya. Pili, ikirudishe panapostahili tu. Kwa mujibu wa waraka wa kanuni uitwao RFC 6265, uliotolewa mwaka 2011, kidakuzi kisichotaja kikoa, yaani eneo la anwani kinakohusika, hurudishwa kwa seva iliyokitoa pekee. Tatu, kidakuzi chenye alama ya "Secure" kisipelekwe ila kwa njia iliyosimbwa. Nne, muda wake ukiisha kitupwe.

Masharti haya yana sababu. Seva haiwezi kumpambanua mwenye kipande na mwizi wa kipande. Atakayekinasa kidakuzi cha kikao aweza kusoma barua za mwenyewe, au hata kuagiza malipo kwa jina lake, bila kulijua neno la siri. Kwa hiyo yafaa mtunga programu asikiache kidakuzi ndani ya msimbo anaowagawia wenzake, wala katika faili za kumbukumbu zinazosomwa na wengi. Na kazi inapokwisha, programu iiombe seva ifunge kikao, ili kipande kilichobaki kisiwe na nguvu tena.