Maji ya Bustani Yapimwe Kabla ya Kununua Mpira

Mvua zikishakatika katika bonde la Imbo, bustani nyingi za Bujumbura huanza kunyauka, na hali hiyo huendelea tangu mwezi wa Juni hadi Septemba. Mwenye nyumba aghalabu hukimbilia dukani kununua mpira mrefu na vinyunyizio viwili vitatu. Afikapo nyumbani huona maji yakidondoka kama machozi, akaulaumu mpira. Lakini mpira hauwezi kutoa maji ambayo bomba halina.

Kulipima bomba ni kazi nyepesi. Twaa ndoo ya lita 20, fungua bomba mpaka mwisho, utazame saa. Ndoo ikijaa kwa dakika mbili, bomba lako hutoa lita 10 kwa dakika. Pima asubuhi na jioni, kwani nguvu ya maji hupungua majirani wanapofungua mabomba yao. Kisha ichore bustani karatasini, ukionyesha bomba, miti, matuta na mteremko.

Wakati wa jua kali, mboga huhitaji kiasi cha lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Matuta ya mita 30 za mraba yatataka lita 150, yaani dakika 15 za bomba hilo. Uwanja wa majani wa mita 100 za mraba utataka lita 500, ambazo ni ndoo 25! Nyumba yenye ndoo 25 za kumwagia majani na ijihesabu kuwa imeneemeka. Ukoka ukiachwa bila maji hugeuka rangi, lakini mizizi yake hulala ikingojea mvua. Lengalenga, nyanya na biringanya hazina subira hiyo. Basi mboga zitangulie, na majani yapewe masalio.

Palipo na maji ya kukatika-katika, pipa la lita 200 hufaa kuliko kinyunyizio. Liinue kiasi cha mita moja, ulitoboe karibu na chini, utie bilula na kitambaa cha kuchujia taka, kisha utandaze mpira mwembamba wenye vitundu kando ya mashina. Nguvu ya maji hayo ni ndogo, kwa hiyo mstari usizidi mita kumi hivi. Ukizidi, mimea ya mwanzo itakunywa na ya mwisho itatazama. Wakazi wa miinuko kama Kiriri waulaze mpira kuufuata usawa wa kilima, wala si kuteremka nacho. Tena pipa lililojaa lina uzito wa kilo 200 na zaidi: likae juu ya matofali yaliyojengwa imara. Vijiti havitoshi, hasa penye watoto wanaocheza.

Asiye na fedha za mpira asikate tamaa. Fukia chungu cha udongo kisichopakwa rangi, ukiacha mdomo wake nje, ukijaze maji na kukifunika. Maji yatapenya polepole na kuifikia mizizi. Njia hii ilikwisha kuandikwa nchini China katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, katika maandiko ya Fan Shengzhi. Katika Burundi, ambako Watwa wamejulikana tangu zamani kwa ufinyanzi, chungu si kitu cha kuagizwa ng'ambo.

Lipo jambo moja ambalo halifai kupuuzwa. Wengine huuacha mpira uliofungwa bombani ukiwa umezama ndani ya pipa la maji ya samadi. Maji ya mji yakikatika ghafla, bomba huweza kuvuta, na uchafu ule ukarudi ndani ya mabomba ya nyumba, hata ya jirani. Ncha ya mpira ikae juu ya ukingo wa pipa daima, isiguse maji.

Mwagilia kabla ya jua kupanda au baada ya saa kumi na moja jioni, na utandaze nyasi kavu juu ya udongo ili unyevu usiruke. Pipa nalo lifunikwe kwa kitambaa cha chandarua kilichokazwa kwa kamba, maana maji yaliyotuama wiki moja au mbili yatosha kabisa kuzalisha mbu.