Jinsi mafuta yanayochomwa Bandari ya Mombasa yanavyomgusa mkulima wa Embu

MKAZI wa mtaa wa Dallas, mjini Embu, huenda asione uhusiano wowote kati ya maisha yake na mitambo inayonguruma usiku kucha katika Bandari ya Mombasa. Hata hivyo, ngano ya mkate wake, petroli ya bodaboda na mbolea ya shamba lake huingilia huko. Majani chai, kahawa, makadamia na avokado kutoka Embu na Meru nayo hutokea mlango huo huo. Nishati inayopotea gatini ni gharama, na gharama ya usafirishaji haikosi mlipaji.

Ili kuelewa suala hili, ni muhimu kwanza kujua nishati hutumika wapi bandarini.

Sehemu ya kwanza ni melini. Meli inapotia nanga gatini, injini yake kuu huzimwa, lakini mitambo midogo ya dizeli huendelea kufanya kazi ili kuwasha taa, pampu, majiko ya mabaharia na makasha yenye majokofu. Meli ya makasha ya ukubwa wa wastani huweza kuhitaji megawati moja au zaidi muda wote iliyopo gatini. Moshi wake huvutwa na makuli, madereva wa malori na wakazi wa mitaa iliyo karibu.

Sehemu ya pili ni mitambo ya kupakua na kupanga shehena. Kreni kubwa za gatini hutumia umeme, ilhali zile zinazopanga makasha uwanjani kwa kawaida huendeshwa kwa dizeli. Injini ya dizeli huendelea kuunguza mafuta hata kreni ikiwa imesimama ikisubiri lori. Kreni ya umeme haina hasara hiyo. Aidha, ile ya kisasa huzalisha umeme kidogo kila inapoteremsha kasha, kwa kuwa uzito unaoshuka huzungusha mota yake.

Sehemu ya tatu ni taa za uwanjani na makasha yenye majokofu. Avokado ya mkulima wa Embu husafiri kwa ubaridi wa nyuzi chache tu za selisiasi, na kasha lake halina budi kuchomekwa kwenye umeme tangu linapofika bandarini hadi linapopakiwa. Kila siku ya ucheleweshaji huongeza matumizi ya umeme na kupunguza umri wa tunda sokoni. Tangu mwishoni mwa 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalipozilazimu meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, siku zinazopotezwa nchini zimekuwa ghali zaidi.

Hapa ndipo penye kinaya. Takriban asilimia 90 ya umeme unaozalishwa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Sehemu ya umeme wa maji huzalishwa na mabwawa matano ya Mto Tana: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, yaliyoanza kazi kati ya 1968 na 1988. Gitaru, chenye megawati 225, ndicho kituo kikubwa zaidi cha umeme wa maji nchini. Kutoka Kiambere, mpakani mwa Embu na Kitui, nyaya za kilovoti 220 huelekea moja kwa moja hadi Rabai, nje kidogo ya Mombasa. Kwa maneno mengine, umeme safi kutoka Embu hufika karibu na bandari, huku meli zilizo gatini zikijizalishia wao wenyewe kwa mafuta yaliyoagizwa ng'ambo.

Dawa yake inajulikana: kuiunganisha meli na umeme wa nchi kavu, kisha kuzima mitambo yake. Bandari ya Gothenburg, Sweden, ilianza kutumia mfumo wa umeme wa msongo mkubwa mwaka 2000. Los Angeles ilifuata kwa meli za makasha mwaka 2004. Kuanzia 2030, Umoja wa Ulaya utazilazimu meli za makasha na za abiria kutumia umeme wa aina hiyo katika bandari zake kuu. Hivyo, meli nyingi zinazohudumia Ulaya zitakuwa na vifaa vinavyohitajika.

Halmashauri ya Bandari ya Kenya (KPA) tayari ina sera ya kuifanya Mombasa kuwa bandari isiyochafua mazingira. Hata hivyo, utekelezaji una vikwazo. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50 ilhali meli nyingi hutumia hezi 60, na mitambo ya kubadilisha kiwango hicho ni ghali. Isitoshe, nahodha hatazima mitambo yake iwapo haamini umeme wa nchi kavu. Agosti 2023, karibu nchi nzima ilitumbukia gizani kwa saa nyingi. Mwaka 2009 nao ukame ulilazimu kituo cha Masinga kufungwa. Umeme wa Tana haupaswi kuahidiwa bandari huku vijiji vilivyo kando ya mabwawa vikikaa gizani.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza si ile ya gharama kubwa, bali ni kuokoa muda. Meli ikiarifiwa mapema siku na saa ambayo gati litakuwa wazi, haina haja ya kukimbia kisha ikasubiri baharini. Matumizi ya mafuta hupanda upesi kuliko mwendo, kiasi kwamba kupunguza kasi kwa asilimia 10 huweza kuokoa karibu moja kwa tano ya mafuta ya injini kuu safarini. Hali kadhalika, nyaraka zikikamilishwa kabla ya shehena kufika, lori halitapanga foleni injini ikiwaka, wala kasha la avokado halitakaa siku tatu uwanjani.

Hatua ya pili ni kuhakikisha kila kreni mpya ya uwanjani inayonunuliwa ni ya umeme. Umeme wa kuhudumia meli ufuate, ukianza na gati moja.

Mwaka 2024, Mombasa ilihudumia makasha zaidi ya milioni 2 kwa kipimo cha futi 20. Kwa shehena ya kiasi hicho, haba na haba hujaza kibaba. Swali ni iwapo akiba hiyo itashusha ada za bandarini, ama itaishia vitabuni. Isipofika kwenye ada, mkulima wa Embu ataendelea kulipia moshi asiouona.