Takwimu za Afya Wilayani: Kompyuta Huhesabu, Watu Huamua

Teknolojia ya habari na mawasiliano, yaani TEHAMA, imefika katika vituo vingi vya kutolea huduma za afya nchini. Taarifa ambazo zamani zilisafiri kwa bahasha kutoka zahanati hadi wilayani, siku hizi hufika wizarani kwa dakika chache. Hayo ni maendeleo makubwa. Hata hivyo, kasi ya taarifa si sawa na uwezo wa kuitumia. Makala haya yanaeleza namna takwimu zinavyoweza kuokoa maisha katika ngazi ya wilaya, na kwa nini hilo huwategemea watu zaidi ya mitambo.

Funzo kutoka Rufiji na Morogoro

Mfano bora wa jambo hili tunao hapa Tanzania. Katika miaka ya mwisho ya 1990, Wizara ya Afya, kwa kushirikiana na Kituo cha Utafiti wa Maendeleo ya Kimataifa cha Kanada, iliendesha mradi uliojulikana kwa kifupi cha TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Swali la mradi lilikuwa rahisi kulitamka: je, wilaya ikigawa fedha zake kwa kufuata magonjwa yanayowaua watu wake, vifo vitapungua?

Kabla ya hapo, kwa kawaida bajeti ya afya ilipangwa kwa kurudia ya mwaka uliotangulia na kuongeza kidogo, au kwa kufuata matakwa ya wafadhili. Viongozi wa wilaya hawakuwa na picha kamili ya vifo vya wananchi wao. Sababu ni kwamba watu wengi walifia nyumbani. Daftari la hospitali humwona yule tu aliyefika hospitalini. Mtoto aliyefariki kijijini usiku hakuandikwa popote.

Ndipo wahojaji wakapita nyumba kwa nyumba, wakiandika waliozaliwa, waliohama na waliofariki. Palipotokea kifo, ndugu waliulizwa kwa upole dalili zilizokitangulia, na waganga wakakadiria chanzo chake. Taarifa hizo ziliingizwa katika programu ya kompyuta iliyozigeuza kuwa michoro myepesi. Mchoro mmoja ulionyesha sehemu ya mzigo wa maradhi inayotokana na kila ugonjwa. Mwingine ulionyesha sehemu ya fedha inayotengewa ugonjwa huo.

Kwa Morogoro, michoro hiyo ilipowekwa pamoja, ilifichua pengo la kutisha. Malaria ilisababisha takriban asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea kwa vifo vya mapema, lakini ilipata asilimia 5 tu ya bajeti ya mwaka 1996. Hapakuhitajika mtaalamu wa hesabu kuielewa picha hiyo.

Timu za afya za wilaya zilibadilisha mipango. Malaria na magonjwa ya watoto yalitengewa fedha zaidi. Watumishi walifundishwa kumchunguza mtoto mgonjwa kwa ukamilifu badala ya kutazama dalili moja. Vyandarua vyenye dawa vikahimizwa. Redio za upepo zikaunganisha vituo vya mbali na makao makuu ya wilaya. Katika miaka ipatayo mitano, vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika wilaya hizo. Haiwezekani kusema kwamba takwimu peke yake ndizo zilizoleta mafanikio hayo, lakini bila takwimu hizo fedha zingeendelea kwenda kulikozoeleka.

Lipo funzo la pili, ambalo husahaulika. Mradi ulikuwa tayari kuongeza hadi dola 2 za Marekani kwa kila mkazi kwa mwaka. Wilaya ziliweza kutumia vizuri kiasi cha senti 80 tu, kwa kuwa fedha huhitaji watumishi, usafiri na usimamizi ili zigeuke kuwa huduma. Kompyuta nayo ni hivyo hivyo.

Safari ya namba

Leo mgonjwa anapofika zahanati, taarifa zake huandikwa katika vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Mwisho wa mwezi mtumishi hujumlisha na kuandaa muhtasari, ambao huingizwa katika programu iitwayo DHIS2. Asili ya programu hiyo ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990, na imeendelezwa chini ya uratibu wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. Hutumika katika nchi nyingi zinazoendelea.

Programu hiyo inaweza kujumlisha, kulinganisha vituo na kuonyesha namba isiyo ya kawaida. Haiwezi kujua kwamba mhudumu mmoja aliyebaki zamu alijaza kitabu siku tatu baadaye kwa kukumbuka tu. Kosa lililoandikwa kwa kalamu husafiri hadi wizarani likiwa limevaa nguo za ukweli.

Namba irudi kituoni

Tatizo jingine ni kwamba namba hupanda juu bila kushuka. Tuchukue mfano wa kufikirika. Watoto 40 wamepata dozi ya kwanza ya chanjo ya pentavalenti wakiwa na wiki 6, lakini kufikia wiki 14 na kuendelea ni 28 tu waliopata dozi ya tatu. Wizarani, hiyo ni asilimia 30 ya walioacha. Zahanati, hao ni watoto 12 wenye majina, mama zao na vitongoji vyao. Muuguzi anayefungua daftari siku hiyo hiyo anaweza kumtuma mhudumu wa afya ya jamii kuwatafuta kabla dondakoo au kifaduro hakijawatangulia. Uwezo huo haupo katika kompyuta ya wilaya. Upo mezani pake.

Wajibu wa kila mmoja

Kwa mtumishi wa afya: andika wakati huduma inatolewa, kabla ya kutuma muhtasari, ulinganishe na vitabu, na bandika ukutani mchoro wa namba mbili au tatu muhimu, mkaujadili kila mwezi.

Kwa viongozi wa halmashauri: rudisheni matokeo vituoni, na mwonyeshe ni uamuzi gani umefanywa kutokana nayo. Mtumishi asiyeona faida ya takwimu huzijaza ili kutimiza wajibu tu.

Kwa mgonjwa na mzazi: tunza kadi ya kliniki, taja umri na makazi kwa usahihi, na toa taarifa ya kifo kilichotokea nyumbani. Muhtasari wa mwezi hubeba idadi, si majina, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa zako. Una haki pia ya kuiuliza kamati ya kituo chako: ni magonjwa gani yanatusumbua zaidi hapa, na fedha zetu zinakwenda wapi? Hilo ndilo swali lililobadili mipango ya Rufiji na Morogoro, na linaweza kuulizwa katika kituo chochote, chenye kompyuta au kisicho nayo.