Uvuvi wa Mshipi kwa Chombo Kidogo

Watu wengi wa pwani ya Tanzania huvua kwa mtumbwi au ngalawa. Kazi hii haihitaji mtaji mkubwa. Mtu mwenye mshipi, ndoana na chambo anaweza kupata kitoweo na samaki wa kuuza. Lakini bahari inataka ujuzi. Wako watu waliotoka asubuhi wasirudi jioni. Kwa hiyo anayeanza ajifunze kwanza jinsi ya kurudi, ndipo ajifunze kuvua.

1. Chombo na vifaa

Mtumbwi ni gogo lililochongwa. Hupinduka kwa urahisi. Ngalawa nayo ni gogo, lakini ina mbao mbili za kuelea, moja kila upande. Mbao hizo huizuia isipinduke upesi. Anayeanza ni afadhali atumie ngalawa, tena afuatane na mvuvi mzoefu.

Chukua makafi mawili, kopo la kutolea maji, nanga na kamba yake, na maji ya kunywa. Kila mtu avae jaketi la kuokolea. Waambie watu wa nyumbani unakwenda wapi na utarudi saa ngapi. Chombo kikipinduka, kishikilie. Usikiache ili kuogelea mpaka pwani. Chombo huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu.

2. Upepo

Kaskazi huvuma tangu Desemba hivi mpaka Februari. Kusi huvuma tangu Aprili hivi mpaka Septemba, na huwa kali zaidi Juni mpaka Agosti. Kati ya pepo hizi bahari hutulia, hasa Machi na Novemba. Huo ni wakati mzuri wa kujifunza.

Alfajiri upepo mwororo hutoka nchi kavu kwenda baharini. Huitwa umande. Mchana nchi kavu hupata joto, na upepo hugeuka ukaja pwani. Ndiyo maana wavuvi wa tanga hutoka alfajiri na kurudi mchana.

Sikiliza utabiri wa hali ya hewa redioni. Ukiona wingu jeusi, au upepo wa kutoka bara unazidi nguvu, rudi mara moja. Usingoje samaki mmoja zaidi. Upepo huo utakusukuma kwenye maji makuu, na kafi haliwezi kushindana nao.

3. Maji kupwa na kujaa

Maji hupwa kwa saa sita hivi, kisha hujaa kwa saa sita hivi. Kila siku huchelewa karibu dakika 50. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, huja bamvua. Mkondo huwa na nguvu sana. Katikati yake huwa maji mafu, na mkondo hupungua. Anayeanza achague maji mafu. Toka maji yakipwa, rudi yakijaa. Hapo bahari itakusaidia.

4. Kutafuta mwamba

Chewa na changu hukaa penye miamba. Mvuvi hukumbuka mwamba kwa alama za pwani. Kwa mfano, mbuyu na mnara wa msikiti vimepangana mstari mmoja. Hiyo ni alama ya kwanza. Upande mwingine, mnazi mrefu umepangana na kilele cha kilima. Hiyo ni alama ya pili. Mistari hiyo miwili inapokutana, ndipo penye mwamba. Tia nanga kwenye mchanga kando yake, usivunje matumbawe.

5. Kuvua

Tumia chambo cha ngisi, pweza au dagaa. Shusha mshipi mpaka chubwi liguse chini. Kisha uinue kiasi cha mkono mmoja, ndoana isinase. Chewa akila, vuta upesi, maana hukimbilia pangoni. Usizungushe mshipi mkononi. Samaki mkubwa anaweza kukukata vidole.

Ukipata bunju, usimle wala usimuuze. Sumu yake huua.

6. Samaki wa kesho

Chewa hukua polepole. Wengi huanza maisha wakiwa majike, na baadaye wakubwa hugeuka kuwa madume. Tukivua wadogo wote, hawatafika kuzaa. Tukimaliza wakubwa, madume yatakwisha. Mrudishe mdogo akiwa hai.

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza baruti na sumu. Muulize Bwana Samaki habari za leseni na mahali pasiporuhusiwa kuvua. Kwa mfano, Mafia kuna hifadhi ya bahari tangu mwaka 1995.

Maswali

1. Kwa nini wavuvi wa tanga hutoka alfajiri?
2. Upepo gani ni wa hatari kwa mtu mwenye kafi tu? Kwa nini?
3. Chombo kikipinduka ufanye nini?
4. Jadilianeni: katika kijiji chetu, nani hujua kwamba mvuvi hajarudi? Hufanya nini?