Kwanza Daftari, Kisha Fedha

Haupiti mwezi hapa Tandale bila ya vijana kutujia baada ya sala ya Alasiri, nasi tumekaa barazani na watoto wa madrasa, wakatwambia: "Shikamoo, Ustadh. Tumeunda kikundi, twataka utuandikie barua ya kuombea fedha." Twawapokea kwa furaha, kwani wengi wao walisoma Juzuu Amma mbele yetu, na kijana atafutaye kazi ya halali ni bora kuliko yule akaaye kijiweni akingojea bahati. Lakini siku hizi barua hiyo hatuiandiki papo hapo. Kwanza twawauliza: "Daftari lenu li wapi?" Aghalabu hutazamana, kisha hucheka. Maneno yetu ya mwezi huu ni jawabu la kicheko hicho.

Ndugu wasomaji, yafaa kwanza tuzijue fedha zenyewe, maana watu huzichanganya. Ziko za namna mbili. Namna ya kwanza ni ruzuku, ambayo hairudishwi, lakini hisabu yake hutolewa hadi senti ya mwisho. Mathalan, shirika la Foundation for Civil Society, lenye makao yake hapa Dar es Salaam, limepata kutoa ruzuku kwa asasi nyingi za wananchi. Namna ya pili ni mkopo wa halmashauri. Sheria yaitaka kila halmashauri katika Tanzania Bara itenge sehemu 10 katika kila 100 za mapato yake ya ndani: sehemu 4 ni za wanawake, 4 za vijana, na 2 za watu wenye ulemavu. Jambo hilo lilitiwa katika sheria mwaka 2018, na kanuni zake zikafuata mwaka 2019. Tandale ni kata ya Manispaa ya Kinondoni, basi vijana wake huomba huko, wakianzia mtaani kwao na katika ofisi ya kata.

Mkopo huo hauna riba. Kikundi kilichopewa shilingi milioni 5 hurudisha milioni 5 zile zile. Sisi ambao kila siku twawaonya vijana na mikopo ya mitaani, ile waliyoipa wenyewe jina la kausha damu, hatuna udhuru wa kuupuuza mlango huu.

Lakini mlango huo uliwahi kufungwa. Mwezi wa Aprili mwaka 2023, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alilitangazia Bunge kuwa mikopo hiyo imesimamishwa mpaka utengenezwe utaratibu mwingine. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilikuwa zimeonyesha fedha nyingi zisizorudishwa, na vikundi ambavyo havikuwako ila katika karatasi. Mikopo ikarejea mwaka 2024 kwa kanuni mpya na uchunguzi mkali zaidi. Katika muda ule wote, kijana mwaminifu alikaa mikono mitupu pamoja na asiye mwaminifu. Hii ndiyo hasara ya khiyana: haimwangukii mwenye kuitenda peke yake.

Wala sisi hatuna haki ya kuwalaumu wengine tu. Miaka michache kabla ya mlango ule kufungwa, vijana wa mtaa wa jirani walitujia na karatasi, wakatuomba tuwashuhudie kuwa ni kikundi cha watu wema. Wazazi wao twawajua. Tukatia sahihi hali tumesimama, na wino haujakauka tukarudi darasani. Hatukuuliza kama wamepata kukutana hata mara moja. Fedha zilipotoka waligawana. Huyu akanunua simu, yule akalipa kodi ya chumba, na pikipiki iliyoandikwa katika maombi haikuonekana. Siku ya kudaiwa ilipofika, mweka hazina alikuwa amekwisha hama, na mama wa mwenyekiti akauza cherehani yake ili kumpunguzia mwanawe deni. Mama yule alipopita mbele ya madrasa hakutulaumu. Alitusalimu kwa adabu kama ilivyo desturi yake, na salamu ile ilituuma kuliko tusi. Kwani ushahidi ni amana, nasi tuliutoa kwa kuona haya tu.

Usiku ule tulifungua Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, ambayo tumewasomesha watoto miaka mingi. Hiyo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, wala haisemi juu ya sala wala saumu. Yasema juu ya kuandika deni. Humo twaamrishwa kuwa deni la muda maalumu liandikwe, na mwandishi aandike kwa uadilifu, na mashahidi wawepo, wala watu wasichoke kuliandika likiwa dogo au kubwa. Tuliihifadhi aya kwa ulimi, tukaisahau kwa mkono.

Basi tangu hapo, vijana wakitujia, twawapa masharti manne.

La kwanza, kikundi kiwepo kabla ya fedha. Wakutane kila juma kwa miezi mitatu, wachange hata kama ni shilingi 500 kila mtu, na yote yaandikwe: nani amekuja, nani amekosa, kimekusanywa nini, kimetumika wapi. Kikundi kisichoweza kutunza elfu kumi zake hakitaweza kutunza milioni za watu.

La pili, katiba iwe yao. Iseme madhumuni yao, viongozi huchaguliwaje, faida hugawanywaje, na asiye mwaminifu hutolewaje. Wasinakili ya wenzao na kubadili jina tu. Tumepata kuletewa katiba ya vijana waosha magari inayotaja chanjo ya ng'ombe wa maziwa!

La tatu, wamwendee Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata wenyewe, wajiandikishe kwake, kisha wafungue akaunti ya benki kwa jina la kikundi, na watia sahihi wasiwe mmoja. Wasimpe mtu wa kati hata shilingi moja ili "awasukumie" maombi. Aanzaye kwa rushwa hataishia kwenye baraka.

La nne, andiko la mradi liwe na hisabu ya kweli. Wanaotaka kuzoa taka ili zisitupwe katika Mto Ng'ombe, ambao mvua ikinyesha hutuingilia majumbani, wasiandike kuwa "watapata faida kubwa". Waandike hivi: nyumba 60 zimekubali kulipa shilingi 2,000 kwa mwezi, jumla shilingi 120,000; bei ya guta tuliyoiuliza dukani ni hii; matengenezo ni haya; litakalobaki la kulipa deni ni hili. Na majina ya wenye nyumba hizo yawemo daftarini.

Wako wasemao kuwa haya ni mazito kwa vijana wa uswahilini. Sivyo. Mwaka 2011 wakazi wa Tandale, pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi, walizunguka kata hii kwa miguu wakachora ramani yake. Waliojua kuandika vichochoro vya Tandale watashindwaje kuandika mapato na matumizi?

Wazee wetu pia walilijua jambo hili la kutanguliza chao. Jumuiya ya East African Muslim Welfare Society, iliyoanzishwa mwaka 1945 kwa juhudi za Aga Khan, ilisaidia kujenga misikiti na shule nyingi kwa mpango wa shilingi kwa shilingi: wenyeji wakichanga, huongezewa kadiri ya walichochanga. Jumuiya hiyo ilikoma hapa Tanzania mwaka 1968, lakini hekima yake haijakoma. Mwenye kutoa hupenda kuona kwanza mkono wa mwenye kuomba umeshika nini.

Enyi wazazi, nanyi mna sehemu yenu. Mwanao akikwambia ameingia katika kikundi, usimwulize watapata fedha lini. Mwambie akuonyeshe daftari. Na mabinti msiwasahau, kwani nao wana haki katika fedha hizi.

Mwezi uliopita walirudi wale vijana waliocheka. Walikuja na daftari la jalada gumu, limechakaa pembe. Tuliketi, tukalisoma ukurasa kwa ukurasa. Katika juma la saba tulikuta maneno haya: "Zimepungua shilingi 500. Hatujui zilipokwenda. Zinatafutwa." Na katika juma la nane: "Zimeonekana. Katibu alikosea kujumlisha." Hapo tukachukua kalamu, tukatia sahihi yetu hali tumekaa.

Mwenyezi Mungu awabariki vijana wetu katika chumo la halali, na atujaalie sote kuzitimiza amana. Amin.