Nani Anaketi na Nani Sherikat

Sherikat ni neno la Kiarabu lenye maana ya makampuni, na msomaji wa Kiswahili atalitambua mara moja kuwa ni ndugu wa shirika na ushirika. Mtaa wenyewe uko Juba, upande wa mashariki wa Nile, kando ya barabara ya kilomita 192 inayokwenda Nimule, mpakani na Uganda. Wenyeji wa ardhi hiyo ni Wabari. Wadinka wengi wamejenga hapo, wafanyabiashara kutoka Uganda wamepanga hapo, na kila vita vimeongeza wengine. Mapigano ya Desemba 2013 yalipowatoa watu makwao, wamisionari wa Don Bosco katika mtaa jirani wa Gumbo waliwafungulia eneo la misheni yao. Juni 2020 mzozo wa kiwanja uliotokea Sherikat kwenyewe uliishia kwa risasi na vifo. Na tangu Aprili 2023 vita vya Sudan vimewavusha watu zaidi ya milioni moja kuingia Sudan Kusini, wengi wao wakiwa Wasudani Kusini waliokuwa wakiishi Khartoum na miji mingine ya kaskazini.

Mtoto wa darasa la tatu hazijui tarehe hizi. Anajua tu ni watu gani hutajwa kwa uchungu nyumbani kwao jioni, na asubuhi huingia darasani na ujuzi huo. Kwingine, suala la watoto kupokeana shuleni huchukuliwa kuwa suala la adabu. Katika mtaa kama huu ni suala la amani ya majirani.

Wengi wakisikia hivyo hufikiria makabila peke yake, na hapo huona nusu tu ya jambo. Chukua watoto wawili. Mmoja amekulia Khartoum, amefundishwa kwa Kiarabu, mkono wake umezoea kuandika kutoka kulia kwenda kushoto. Mwingine amezaliwa Kakuma, kambi iliyofunguliwa nchini Kenya mwaka 1992, na anahesabu kwa Kiswahili na Kiingereza. Wazazi wao wanaweza kuwa wa kabila moja, hata wa kijiji kimoja. Lakini Kiingereza ndiyo lugha rasmi ya nchi, kwa hiyo yule wa Khartoum anaweza kurudishwa madarasa mawili au matatu nyuma, akakaa na watoto wanaomfikia kifuani. Hajapungukiwa akili. Amepungukiwa lugha tu, ila wenzake hawawezi kuona tofauti hiyo, na wanamcheka.

Mtaala wa taifa unataka madarasa ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya nyumbani. Kijijini agizo hilo linaeleweka. Sherikat, nyumbani kwa nani? Kinachowaunganisha watoto hawa wakati wa mapumziko ni Kiarabu cha Juba, lugha ya sokoni ambayo kila kabila limeitia mkono. Shule inayomwadhibu mtoto kwa kuizungumza uwanjani inavunja daraja pekee lililopo, na naliona hilo kuwa kosa kubwa, hata kama nia ni kukuza Kiingereza.

Dawa iliyozoeleka ni mawaidha: wanafunzi wanapangwa mstarini, wanaambiwa wapendane, kisha wanatawanyika na kila mmoja anarudi kwa watu wake. Mawaidha hayana ubaya. Udhaifu wake ni kwamba hayagusi kile kinachomfundisha mtoto siku nzima, yaani nani anaketi wapi, nani anaitwa ubaoni, nani huchaguliwa kiranja na nani hutumwa maji kila siku. Shule za Sudan Kusini zilifungwa kwa joto kali Machi 2024 na tena Februari 2025. Chini ya paa la bati, kiti cha dirishani ni mali, na watoto wote wanajua hupewa nani.

Vivian Paley, mwalimu wa chekechea mjini Chicago, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1992 kanuni moja aliyoiweka darasani: hakuna ruhusa ya kumwambia mwenzako kwamba hawezi kucheza. Waliozoea kuamua nani aingie mchezoni walipinga. Kanuni hiyo haikumtaka mtoto ampende mwenzake. Ilimnyang'anya tu mamlaka ya kumfukuza, na hilo mwalimu anaweza kulisimamia, wakati upendo hauamrishwi.

Mwanasaikolojia Elliot Aronson alikwenda hatua mbele zaidi. Mwaka 1971, shule za Austin, Texas, zilipoanza kuwachanganya watoto weusi, weupe na wenye asili ya Meksiko, ugomvi ulizuka. Yeye na wenzake waliligawa somo vipande, kila mtoto katika kikundi akapewa kipande ambacho wenzake hawana. Asiposikilizwa, wote wanakosa. Sherikat, ambako kitabu kimoja mara nyingi husomwa na benchi zima, mpango huu unaingia bila gharama: mmoja asome, mwingine aeleze kwa Kiarabu cha Juba, wa tatu aandike, na yule wa Khartoum aliye hodari wa hesabu akokotoe. Kutokuwa na gharama ni jambo zito katika nchi ambayo mwalimu hukaa miezi bila mshahara.

Tusijidanganye kuhusu mipaka ya mpango kama huu. Mtafiti Salma Mousa alichapisha mwaka 2020 utafiti wa timu za mpira kaskazini mwa Iraki, ambako Wakristo waliofukuzwa na vita walichezeshwa pamoja na Waislamu. Walioshirikiana waliendelea kufanya mazoezi pamoja, lakini wema huo haukuenea sana kwa Waislamu wasiowajua nje ya uwanja. Kwa hiyo shule peke yake haitaiponya Sherikat. Itampa mtoto rafiki mmoja, wawili, ambao nyumbani hakuambiwa anaweza kuwapata, na wazazi nao waitwe pamoja wakati wa kujenga rakuba, yaani kibanda cha kivuli, au kusafisha kisima, si siku ya kudaiwa ada tu.

Neno la mwisho ni letu wenye Kiswahili. Sudan Kusini imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016, na walimu kutoka Kenya na Uganda wanafundisha Juba. Mwalimu aliye mbali na kwao akisikia mtoto wa Kakuma anamwamkia "Shikamoo", moyo unamlainika, na bila kukusudia yule ndiye anayepewa chaki, madaftari na dirisha. Mwalimu, nakuomba: kesho, kabla hujafungua somo, mtafute asiyekuelewa hata neno moja, umwite kwa jina lake kama mama yake anavyolitamka, kisha umkalishe karibu nawe.